Kedi Anajifunza Gofu

Sarang'ombe, Kibera
Jumatatu, 10 Machi 2025

Dada Celine, nyar mama, binti wa mama yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hatujambo sote, isipokuwa goti langu la kulia ambalo limeanza kutabiri mvua na mara nyingi linakosea. Audrey wangu bado anashona sare za shule, na anasema kitambaa chako cha meza kiko tayari tangu Krismasi. Kijana wetu Chris yuko mwaka wa pili chuoni, anasomea mambo ya umeme, na akija nyumbani kazi yake ni kutuonyesha jinsi tulivyofunga nyaya vibaya. Shemeji Gerishon hajambo? Na mwanao Wagaki je, bado yuko kazini Nakuru?

Naandika barua kwa sababu umeniblock. Wiki mbili nilidhani ni shida ya mtandao, mpaka Muthoni, yule mama anayetuuzia chai pale kwenye benchi la makedi, sisi wabeba mabegi ya gofu, aliponieleza. Kumbe anakaa hapo Kawangware 46, nyumba ya tatu kutoka geti lako. Anasema ulimwambia, "Huyo ndugu yangu nimemfungia. Akiwa na neno aandike barua kama mtu aliyesoma." Nakubali kwamba video za gofu arobaini na moja kwa wiki moja zilikuwa nyingi. Basi nimenunua kalamu, na Muthoni atakuwa posta wetu.

Jambo lenyewe ni hili. Klabu ya gofu imetoa sheria mpya. Kedi akifikisha miaka hamsini hatabeba begi tena, ila akifaulu mtihani wa kucheza ataendelea, na atafundisha wageni kidogo pia. Mtihani ni mashimo tisa kwa mapigo arobaini na sita, yasizidi hata moja. Utafanywa Novemba. Mimi natimiza hamsini tarehe nne Desemba, kwa hiyo nikishindwa, unga umemwagika.

Utasema, Osewe, shida iko wapi? Umebeba mabegi miaka ishirini na minne, umewaambia madaktari na mawakili wasimame vipi, wapumue vipi, wapige wapi. Hata mimi nilisema hivyo. Makedi wana ruhusa ya kucheza Jumatatu asubuhi, lakini miaka yote hiyo sijawahi kucheza hata shimo moja. Nilikuwa nawaambia wenzangu, "Mimi ni wa ushauri." Basi leo nimecheza. Makedi kumi na wanne walikuja kutazama kwa sababu walidhani bingwa amejificha muda wote huu.

Dada, pigo la kwanza halikugusa mpira. La pili pia. La tatu liligusa, na mpira ukaenda pembeni, ukagonga ndoo ya mtu wa kukata nyasi. Nilimaliza mashimo tisa kwa mapigo themanini na matatu. Kufika shimo la tano watazamaji walikuwa wamebaki wawili, na mmoja wao alikuwa amelala.

Sikuombi kitu. Nimeandika tu kwa sababu Audrey amecheka vya kutosha na nilitaka mtu mwingine naye ajue. Unifungulie simu.

Ndugu yako,
Osewe


Kawangware 46
24 Machi 2025

Osewe, wuod mama, mwana wa mama yangu,

Tumepokea salamu. Gerishon hajambo, anagombana na wapangaji kuhusu nani alivunja koki ya maji, na mimi najua ni yeye aliyeivunja. Wagaki bado yuko Nakuru. Nilistaafu mwaka jana nikidhani nitapumzika, kumbe kupumzika ni kusikiliza habari za koki kuanzia asubuhi. Audrey mwambie asante, kitambaa akiweke, siku moja kitafika.

Simu sifungui. Barua yako nimeisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, maana mkono huu umezoea. Nimekupa kumi na nne kwa thelathini. Umeeleza aibu yako vizuri sana, hapo nilicheka mpaka Gerishon akaja kuuliza kama kuna mgeni. Lakini hujaeleza hata mara moja kwa nini mpira ulikwenda pembeni. Umeandika "ukaenda pembeni" kama mtoto anayesema kikombe kimevunjika chenyewe.

Gofu siijui na sitaki kuijua. Ninachojua ni kusoma. Nilifundisha miaka thelathini na mmoja, na nilikuwa mwalimu mbaya kwa miaka kumi ya kwanza, kwa hiyo najua makosa yote. Kosa kubwa ni mwanafunzi kujaribu kurekebisha kila kitu siku moja. Nunua daftari. Kila wiki chagua jambo moja tu. Andika ulifanya nini, mpira ulikwenda wapi, na mara ngapi kwa ishirini. Usiandike "vibaya" wala "vizuri". Andika nambari.

La pili, usisome peke yako. Wewe ukiwa peke yako unajidanganya, nakujua tangu ukiwa na meno mawili. Tafuta wengine wasiojua. Na muwe na sheria: kabla ya kumwambia mtu kosa lake, mwambie jambo moja alilofanya sawa, na liwe la kweli. Wanafunzi wangu walipoanza kufanyiana hivyo, hata wale wa nyuma walianza kuinua mikono.

Goti lako likande kwa maji ya moto na chumvi.

Celine


Sarang'ombe
Jumanne, 22 Aprili 2025

Nyar mama,

Pole kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa wiki mbili ndani ya gunia la viazi la Muthoni. Aliipata viazi vilipoisha, na inanuka shamba mpaka sasa. Huku tuko salama. Pasaka Audrey alipika samaki mkubwa wa kutoka kwetu, akatuma salamu kwako, kisha akaniuliza kwa nini sikukupelekea kipande. Nilimwambia ni mbali. Akaguna. Nakubali, Kawangware si mbali, mtu anaweza kutembea na kufika kabla jasho halijamtoka.

Darasa tunalo. Tuko wanne. Kuna mimi. Kuna Muia, kedi mwenzangu, amepita hamsini tayari na yuko kwenye mtihani kama mimi. Yeye ni mtu wa maneno machache, akikuambia habari ya asubuhi ujue ameamka vizuri. Kuna Joan anayesafisha nyumba ya wachezaji. Hana mtihani wowote, anasema tu amechoka kufuta vumbi kwenye vikombe vya ushindi vya watu wengine. Na kuna Muthoni, posta wetu, aliyeingia kwa sababu alituona tunapiga vibaya akasema, "Aki hata mimi naeza kosa hivyo." Jumatatu asubuhi tunacheza uwanjani. Jioni tunakutana kwenye kiwanja cha kanisa hapa Sarang'ombe na fimbo nne za kuazima. Mwanzoni tulitumia mipira ya kweli. Muia akapiga mmoja ukatua juu ya mabati ya mzee wa kanisa, mzee mwenyewe akiwa anaoga, naye akatoka na sabuni kichwani akidhani ni ubomoaji. Sasa tunapiga mipira ya matambara.

Sheria yako ya kusifu kwanza imekuwa kazi kuliko gofu. Wiki ya kwanza Joan aliniangalia napiga mara ishirini, akafikiri sana, akasema, "Osewe, umevaa viatu poa." Hilo ndilo jambo la kweli alilopata.

Daftari ninalo pia, na hapo ndipo naumia. Nimeandika yote kama ulivyosema. Wenzangu wanapanda, maana mapigo yao yanapungua. Muia alianza na sabini na mbili, sasa ana sitini na moja. Mimi nilianza na themanini na tatu, nikafanya kazi wiki sita, na jana nilipata themanini na nne. Mimi ndiye ninayewafundisha, Celine! Wanafanya ninayowaambia wanapanda, mimi nafanya ninayoyaona kichwani nashuka. Nafumba macho namwona daktari yule ninayembebea begi, nimemtazama miaka kumi na moja, namjua kila mshipa. Nafanya kama yeye kabisa. Mkono wa kushoto chini, wa kulia juu, na ukimaliza kupiga mwili wote unaegemea mguu wa kulia. Nimekuchorea hapa chini. Usicheke picha, hicho si kijiko, ni fimbo.

Labda mimi ni wa ushauri tu kweli. Labda mtu anaweza kukaa karibu na kitu miaka ishirini na minne na kisimwingie.

Osewe


Kawangware 46
29 Aprili 2025

Wuod mama,

Salamu fupi kwa sababu nina haraka ya kukuuliza jambo. Sote wazima, koki imepona.

Unapombebea daktari, huwa umesimama wapi akipiga? Usinijibu kwa barua, itakaa tena kwenye viazi. Nitajibu mwenyewe. Umesimama mbele yake, uso kwa uso, ukimwangalia. Picha yako imeonyesha tumbo lake na vifungo vya shati.

Sasa sikiliza. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na darasa la kwanza, watoto zaidi ya hamsini, na tulikuwa na wimbo wa kuinua mkono wa kulia. Mimi nainua wa kulia, darasa zima linainua wa kushoto. Nikawagombeza. Nikawasimamisha nje. Muhula mzima niliamini nimepewa watoto wagumu kuliko wote Nairobi. Mpaka mwalimu mmoja mzee akachungulia dirishani akacheka, akaniambia, "Celine, wanakuangalia wewe. Upande wako wa kulia kwao ni kushoto." Kuanzia siku hiyo nikawa nawapa mgongo tukiimba.

Umejifunza gofu kwenye kioo, ndugu yangu. Wenzako wanapanda kwa sababu unawaambia kwa maneno, na maneno yako ni sawa. Wewe mwenyewe unafuata macho, na macho yamekupa kila kitu kinyume, kwa bidii kubwa, kwa miaka kumi na moja. Si kwamba hujaelewa. Umeelewa yote, upande usio wako.

Simama nyuma ya mtu, si mbele. Anza upya. Wiki ya kwanza mikono tu, miguu iache.

Na lile neno la mwisho la barua yako usiniandikie tena. Limeniudhi.

Celine


Sarang'ombe
Jumatatu, 14 Julai 2025

Nyar mama, mwalimu,

Huku hatujambo. Chris yuko likizo, amefunga upya nyaya zote na sasa taa ya jikoni inawaka ukizima redio. Audrey anakusalimu sana. Barua yako ya Aprili niliisoma nikiwa benchini, nikasimama, nikaenda nyuma ya nyumba ya kuweka mabegi, nikakaa huko kwa muda. Niliporudi niliwasomea wenzangu. Muia, ambaye hajawahi kucheka mbele yetu, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akakumbuka sheria, akafuta machozi, akasema, "Lakini umenakili vizuri sana, bro. Hakuna kitu umeacha."

Kubadilisha mikono kulikuwa kama kujifunza kula upya. Mwezi wa Mei nilipata themanini na nane, kisha tisini, na siku hiyo daftari nililitupa. Joan akaliokota, akaendelea kuniandikia yeye mpaka hasira ikaisha. Muthoni alikuwa anasimama nyuma yangu na mwiko wa chai, nikisahau mguu ananigonga paja. Wiki moja mikono. Wiki moja miguu. Wiki mbili kichwa tu, kukiacha mahali pake, kwa sababu napenda kuangalia mpira unakwenda wapi kabla sijaupiga. Juni nikapata sitini na sita. Leo, Celine, nimepata hamsini na tatu! Nimeandika nambari tu kama ulivyosema, lakini nimeipigia mstari mara tatu chini yake.

Muia ana hamsini na moja. Joan hamsini na tisa, na ameomba kikombe kimoja cha plastiki tumwandikie jina lake.

Sasa nina ombi. Kila anayefanya mtihani lazima aje na mtu wa kumbebea begi, na asiwe mfanyakazi wa klabu. Muthoni ameshachukuliwa na Muia. Audrey anasema akiniona napiga atacheka atupe begi lote chini. Nimewaza, nikawaza wewe. Najua hupendi gofu, na najua hujawahi kuja upande huu. Ni Jumatatu tarehe kumi na saba Novemba, saa mbili asubuhi. Begi si zito sana, fimbo ni tisa.

Osewe


Kawangware 46
20 Agosti 2025

Osewe,

Tumepokea. Wote wazima. Hongera kwa hamsini na tatu.

Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Mara ya kwanza niliijibu kwa mzaha nikaichana. Sasa nitasema wazi, maana nina miaka sitini na moja na nimechoka kuzunguka.

Unaniomba nisimame kando yako mbele ya watu siku ambayo unanihitaji. Mimi nilikuomba hivyo hivyo Agosti ya mwaka wa tisini na sita. Baba alikataa kuja harusi yangu kwa sababu Gerishon ni Mkikuyu na sisi ni Wajaluo. Mama hakuthubutu. Nikakuomba wewe, mvulana pekee nyumbani, uniingize kanisani Riruta, na ukaniahidi. Nilisimama mlangoni saa nzima. Nikawaambia watu, subirini, ndugu yangu yuko njiani. Mwishowe mjomba wa Gerishon akanishika mkono tukaingia. Baadaye ulituma neno kwamba ulikuwa na malaria.

Sijawahi kukuuliza juu ya hiyo malaria na wewe hujawahi kuitaja. Tumeonana kwenye matanga, tumekula sahani moja, lakini nyumba yangu hujaingia hata siku moja. Wewe unasema ni mbali.

Sijasema sitakuja. Sijasema nitakuja.

Celine


Sarang'ombe
15 Septemba 2025

Dada Celine,

Salamu. Huku mvua kidogo. Audrey hajambo, Chris amerudi chuoni, taa tumeizoea. Mazoezi yanaendelea, nina hamsini sawa. Joan anasema sasa ana mambo matatu ya kunisifia kabla ya kufika kwenye kosa.

Barua yako nimeisoma. Nimeanza kuijibu mara tano. Yale ya Riruta sijui kuyaandika. Nisamehe kwa hilo angalau.

Osewe


Kawangware 46
3 Novemba 2025

Osewe,

Saa mbili asubuhi, geti gani?

Celine


Sarang'ombe
Jumatano, 19 Novemba 2025

Nyar mama,

Sijui kama kuna sababu ya kukusalimu kwa barua wakati juzi tumekuwa pamoja asubuhi nzima, lakini mkono umezoea. Hatujambo. Audrey amesikia habari zako kutoka kwa watu saba tofauti na anataka nimsimulie tena ile ya begi. Nimeisimulia mara nyingi, na kila mara naiongezea kidogo.

Ya kweli ni hii. Nilikungoja getini nikiwa na hofu utakuja na hofu hutakuja. Ukaja na viatu vya kanisa na leso, ukaviringisha leso ikawa ngata, ukachukua begi la fimbo tisa ukaliweka kichwani. Yule msimamizi wa mtihani akakukimbilia.

"Mama, begi hubebwa begani."

"Imeandikwa wapi? Nionyeshe ukurasa."

Akafungua kitabu chake cha sheria, akapekua mbele, akapekua nyuma, watu wote wamesimama. Akafunga. "Sawa mama, twende tu."

Mashimo tisa, Celine, na kila nikitaka fimbo ilinibidi nije kuichomoa juu ya kichwa chako kama mtu anayechuma papai, kwa sababu ukitua begi ni lazima nikusaidie kulipandisha. Watu waliuliza ni nani hapo kedi wa mwenzake. Sijawahi kuona aibu kubwa namna hiyo na sijawahi kufurahi hivyo. Shimo la nne mpira ulipoingia mchangani, wewe ukasema, "Umesimama vizuri." Nikajua umemaliza sifa na kosa linakuja, na kweli likaja.

Baada ya mashimo manane nilikuwa na arobaini na mbili. Nilihitaji manne tu. Matatu yakanifikisha kwenye nyasi fupi, hatua tatu kutoka shimoni. Hatua tatu! Hapo naweza kupiga nikiwa nimelala. Daftari linasema mara kumi na saba kwa ishirini. Nikainama. Nikasimama tena. Ndipo uliposema, polepole ili wengine wasisikie, "Usiharakishe, Osewe. Nitasubiri."

Nilikosa. Mpira ulipita kando, ukaingia kwa pigo lililofuata. Arobaini na saba. Nilimwambia msimamizi kuna kilima pale, nikakuambia wewe ni upepo, na nikamwambia Muia ni goti. Muia amefaulu kwa arobaini na tano. Nilimkumbatia, na nilikuwa nafurahi na nina wivu vyote pamoja, naye alijua.

Hakukuwa na kilima. Sikuona mpira, Celine, nilikuwa nalia.

Sikuwa na malaria siku ile. Niliazima koti kwa jirani, nikatembea kutoka hapa mpaka Riruta. Nilifika. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikakuona mlangoni na gauni lako, unaangalia njia, lakini unaangalia upande usio wangu. Nikaona watu wa Gerishon wamejaa, na upande wetu hakuna hata mmoja. Nikafikiria Baba atanifanya nini. Nilikuwa na miaka ishirini na nikaogopa. Nilikuona ukisema na watu, sikusikia, lakini najua ulikuwa unawaambia wasubiri. Kisha nikageuka nikarudi nyumbani. Nimeona aibu tangu siku hiyo, na kwa sababu ya aibu nikaona kwako ni mbali. Hiyo ndiyo sababu yote, hakuna nyingine. Nisamehe, dada yangu.

Mwisho wa Desemba narudisha sare ya klabu. Waliokosa kwa pigo moja au mawili wamepewa nafasi ya kurudia mtihani Machi. Sijui kama nitajaribu.

Osewe


Kawangware 46
24 Novemba 2025

Wuod mama,

Muthoni amenipa barua yako mkononi leo asubuhi, hakuitia gunia. Alisimama hapo mlangoni mpaka nilipomaliza kusoma, na nilipolia akalia na yeye bila kujua ni kwa nini.

Miaka ishirini na tisa nimeamini hukuja. Kila nikikukasirikia nilikukasirikia kwa hilo. Sasa unaniambia ulikuwa ng'ambo ya barabara na koti la kuazima, na nimekasirika upya, kwa sababu ningekuona ningekuja kukuvuta mwenyewe na gauni langu. Nilitazama upande wa kituo cha magari. Sikuwaza utakuja kwa miguu. Mimi niliyekufundisha habari ya kioo na mgongo, sikugeuka nyuma.

Nimekusamehe. Naiandika hivyo ili isibaki kazi ya kukisia. Ilikuwa imeshaanza nilipokubali kubeba lile begi lako, ila nilitaka usote kidogo.

Jumapili njoo na Audrey, mle hapa. Gerishon amesafisha kipande cha uwanja nyuma ya vyumba vya wapangaji, anasema mipira ya matambara haiwezi kumvunjia kitu, na Joan na Muia waje pia, tena Muia alipe kwa kutusalimu. Sare rudisha bila kuinamisha kichwa. Umetoka themanini na tatu ukafika arobaini na saba, ukiwa na goti moja na mikono ya kuanza upya. Darasa langu zima halijawahi kunipa mwanafunzi wa hivyo. Machi utajaribu, hilo sikuulizi.

Kuhusu lile "nitasubiri" nililokuambia pale kwenye shimo la mwisho, nilidhani nakusaidia. Machi nitakubebea begi tena, na safari hii nitanyamaza.

Dada yako,
Celine